Randa ya kukwangua: kwa nini inatoa vumbi badala ya maranda

Meza ilikuwa ya mkangazi, mbao tatu zilizoungwa kwa gundi, na mteja aliitaka kabla ya Krismasi, wakati watu wa Moshi wanarudi nyumbani kutoka kila upande wa nchi na kila familia inataka sebule ipendeze. Nilikuwa nimenoa kisu cha randa mpaka kinanyoa vinyweleo vya mkono. Nikasukuma, maranda yakatoka marefu na membamba, mazuri kutazama. Kisha nikapitisha kiganja juu ya ubao. Kila baada ya upana wa vidole viwili kulikuwa na mstari wa vishimo, kana kwamba kuku amepita akidonoa. Nikaugeuza ubao, nikaranda kutoka upande wa pili. Vishimo vya kwanza vikalainika, na ile mistari iliyokuwa laini ikanyofoka.

Fundi mzee wa karakana yetu pale Pasua, ambaye sote tunamwita Meku, hakusema kitu. Aliokota kipande cha kioo cha dirisha, akakivunja upya apate ukingo mkali, akakishika kwa kitambaa na kuanza kukwangua. Yaliyotoka hayakuwa vumbi. Yalikuwa maranda mepesi kama ganda la kitunguu. Vishimo vikaanza kupotea, mstari huu na ule, bila kujali uzi wa mbao unaelekea wapi. Baada ya dakika chache alikitupa kile kioo akavunja kingine.

Tangu siku ile nimehangaika na maswali mawili. La kwanza: kwa nini kioo kilichosimama karibu wima kiweze kazi iliyokishinda kisu kikali kilicholala? La pili: kwa nini zile randa kuukuu za kukwangua, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, mafundi wengi huzijaribu mara moja, wakapata vumbi tupu, wakazirudisha kabatini na kusema ni mapambo? Ilinichukua muda kugundua kwamba maswali hayo yana jibu moja, na jibu hilo liko kwenye ukingo wa chuma ambao jicho halioni vizuri.

Uzi unaopishana

Mkangazi na mvule, na mara nyingi mninga pia, zina tabia moja. Mti unapokua, nyuzi zake hazipandi moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa zinalizunguka shina zikiinamia kulia, kisha tabaka linalofuata linainamia kushoto, halafu kulia tena. Ukipasua gogo kwa mstari unaopita kwenye moyo wake, tabaka hizo hujitokeza kama mistari inayobadilisha mng'ao unapoizunguka meza. Huo ndio uzuri wa mbao hizi, na hapo hapo ndipo taabu yake inapoanzia. Kwenye mstari mmoja nyuzi zinakwenda na mkono wako, kwenye mstari wa jirani zinakuja kukukabili. Ule ushauri tunaopeana kila siku, "geuza ubao", hapa hauna kazi, kwa sababu hakuna upande wa kugeuzia.

Kisu cha randa ya kawaida kimelala kwa pembe ya digrii 45 hivi. Kinafanya kazi kama kabari: kinaingia chini ya nyuzi na kuziinua, na mbao hupasuka kidogo mbele ya ncha kabla ncha yenyewe haijafika. Nyuzi zikiwa zinapanda kuelekea juu, ufa huo hutokea juu na kuishia hapo. Nyuzi zikiwa zinazama, ufa huzifuata chini, kisha kipande kinanyofoka. Kunoa zaidi hakuondoi jambo hili, kunalipunguza tu.

Mwaka 1958 mtafiti Norman Franz wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alieleza namna tatu ambazo mbao hukatika mbele ya kisu. Ya kwanza ni hiyo ya kupasuka mbele ya ncha. Ya pili ni pale ambapo nyuzi zinakatwa ncha inapozigusa, na uso unabaki laini. Ya tatu ni pale ambapo kisu kimesimama mno au kimekuwa butu, hivyo kinazibana nyuzi na kuziponda badala ya kuziinua. Kadiri kisu kinavyosimama, ndivyo kinavyohama kutoka namna ya kwanza kuelekea ya tatu. Kioo cha Meku kilikuwa kimesimama. Hakikuwa na nafasi ya kuinua chochote, kwa hiyo hakikunyofoa chochote. Na kwa kuwa kilikuwa kimetoka kuvunjwa, ukingo wake ulikuwa mkali wa kutosha kukata kabla ya kuponda.

Kabla ya kuendelea niseme jambo moja kwa haki. Kile kisu cha juu kinachokaa mgongoni mwa kisu cha randa, ukikisogeza hadi kikaribie kabisa ncha, pengo likabaki la unene wa karatasi chache tu, kinavunja maranda mapema na kuzuia ufa usikimbie mbele. Mafundi wengi hukiacha mbali, milimita mbili au tatu, kisha wanailaumu mbao. Jaribu hilo kwanza. Randa ya kukwangua ni ya pale ambapo hata baada ya hapo mbao bado inakataa, na mkangazi wenye mistari mipana hukataa sana.

Bamba, mbawa na mwili wa randa

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuita vitu vitatu kwa jina moja. Kuna bamba lenyewe la kukwangua, kipande cha chuma cha pua chenye unene usiofika milimita moja, unachokishika kwa mikono miwili na kukipinda kwa vidole gumba. Kuna zana fupi yenye mbawa mbili za kushikia, ambayo bamba lake limeinama mbele kwa pembe isiyobadilika. Halafu kuna randa kamili, yenye mpini nyuma na kitufe mbele, ambayo kisu chake kimefungwa kwenye kiti chenye bawaba kinachoweza kuinamishwa utakavyo.

Wazo la kulitia bamba ndani ya mwili wa chuma ni la zamani. Leonard Bailey, yule Mmarekani ambaye jina lake limeandikwa kwenye randa nyingi za chuma hadi leo, alipata hataza ya randa ya kukwangua mwaka 1855, kabla ya hizo zilizompa sifa. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley Rule and Level ya New Britain, Connecticut, ilinunua biashara yake, na kwa miongo iliyofuata ikatoa ukoo mzima: Namba 12, Namba 80, Namba 112, Namba 212 ndogo, na nyinginezo. Ile yenye mbawa ni Namba 80. Ile yenye sura ya randa ni Namba 112. Sheffield, Uingereza, kampuni ya Record ilitoa ya kwake yenye mbawa na kuiita 080, na hiyo unaweza kuikuta kwetu kwa sababu zana nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitoka Uingereza. Nyingine zimekuja baadaye kama msaada: shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza limekuwa likikarabati zana kuukuu na kuzileta Afrika, Tanzania ikiwemo.

Yangu, Namba 80, niliikuta Kiboriloni juu ya turubai la muuza vyuma, katikati ya spana na minyororo ya baiskeli. Muuzaji alidhani ni kifaa cha kupara samaki. Ilikuwa na kutu ya juu juu, kisu chake kimeliwa, na ile skrubu ya dole gumba iliyo katikati ya mgongo haikuwa ikizunguka. Niliipaka mafuta ya taa nikaiacha usiku kucha, asubuhi ikazunguka.

Kwa nini mtu ahangaike na mwili wakati bamba peke yake linakata? Kuna sababu mbili. Bamba likifanya kazi linapata joto, na baada ya robo saa vidole gumba vinaungua kweli, si kwa maneno. Ya pili ni kubwa zaidi. Bamba halina kitako. Linafuata mkono wako, na mkono hupenda kurudi pale penye kasoro. Unakwangua kishimo, unakwangua tena, na mwisho umetengeneza bonde dogo ambalo halionekani mpaka vanishi ikauke na taa imulike kutoka pembeni. Kitako cha Namba 80 kinaegemea sehemu zilizo juu na kukizuia kisu kisizame. Ni kifupi, kwa hiyo hakinyooshi ubao uliopinda. Kazi hiyo ni ya randa ndefu, na inapaswa iwe imekwisha kabla. Lakini kinatosha kukuzuia usichimbe.

Ukucha

Sasa tufike kwenye kiini. Nilipoirudisha ile Namba 80 karakanani nilikinoa kisu chake kama ninavyonoa kisu chochote: mshazari wa digrii 45 kwa tupa, kisha jiwe, kisha jiwe laini zaidi, mpaka kikang'aa. Nikakitia, nikasukuma. Vumbi. Nikakitokeza zaidi. Randa ikatetema na kuacha mawimbi kwenye mninga, mfano wa barabara ya vumbi iliyopitwa na malori.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichokata ni ule ukingo nilionoa. Sivyo. Kinachokata ni ukucha: ukingo ule ule, lakini uliosukumwa pembeni kwa chuma kigumu zaidi mpaka ukajikunja kidogo, kama ncha ya ukucha wa paka. Huuoni, ila ukipitisha kidole gumba kutoka katikati ya kisu kuelekea nje (kamwe usikipitishe kando ya ukingo) unausikia ukishika ngozi. Kisu kinainama mbele, kuelekea unakokwenda, kama mtu anayesukuma mkokoteni. Pembe hiyo ya mwili haikati kitu. Ukucha ulio kwenye ncha yake ndio unaoangalia mbele na kuingia kwenye mbao, ukinyanyua maranda membamba kuliko ambayo kisu cha kawaida kingeweza kunyanyua bila kunyofoa.

Kwa hiyo nikatengeneza ukucha. Na kwa kuwa nilishajua kuwa ndiyo siri, nikaukandamiza kwa nguvu zangu zote, mara kumi. Nikakitia kisu, nikasukuma. Vumbi tena.

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ninaomba msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kwa muda. Ukucha ukikunjwa mno, ncha yake inageukia juu, kuelekea uso wa kisu wenyewe. Ili uguse mbao tena, kisu lazima kilale mbele zaidi. Ukiwa na bamba mkononi unaweza kulilaza. Ukiwa na Namba 80 huwezi, kwa sababu mwinamo wake uliamuliwa kiwandani. Kinachogusa mbao basi ni mgongo wa mkunjo, ambao haukati, unasugua tu. Kisu kisicho na ukucha na kisu chenye ukucha uliozidi vyote vinatoa vumbi, na fundi asiyejua tofauti anaongeza nguvu pale ambapo alipaswa kupunguza.

Kuna njia rahisi ya kujua una ugonjwa upi. Kitoe kisu kwenye mwili, kishike mikononi kama bamba, ukiweke wima juu ya kipande cha mbao ngumu. Kisukume huku ukikiinamisha mbele polepole. Kuna mahali kitauma, utasikia sauti ikibadilika kutoka mkwaruzo kuwa kama hariri inayochanwa. Simama hapo uangalie pembe. Ikiwa inakaribiana na mwinamo wa mwili wa Namba 80 yako, ukucha uko sawa, na tatizo liko kwenye namna ulivyokitega. Ikiwa lazima ukilaze sana ndipo kiume, umekunja mno. Ikiwa hakiumi popote, huna ukucha. Jaribio hili halichukui dakika, na sijui kwa nini nililigundua mwaka mzima baada ya kuinunua zana.

Namba 112 inatofautiana hapo hapo. Kiti chake kina bawaba, na nati mbili juu ya skrubu ndefu zinakiruhusu uinamishe kisu mpaka kiume. Kwa maneno mengine, kwenye Namba 80 ukucha hutengenezwa uifuate zana. Kwenye Namba 112 zana ndiyo inayoufuata ukucha. Ukielewa hilo tu, nusu ya mkanganyiko imekwisha.

Namna ya kuutengeneza ukucha bila kuuharibu ni hii. Kisu kibanwe kwenye jiliwa, ukingo ukiwa juu. Ukingo wenyewe uwe umepita kwenye tupa na jiwe, mshazari ukiwa digrii 45, na uso wa upande wa pili uwe bapa na laini, kwa sababu mikwaruzo yote iliyopo pale itakuwa mapengo kwenye ukucha. Pembe mbili za kisu zilainishwe kwa tupa zisiache mikwaruzo kwenye kazi. Tia tone la mafuta. Chukua chuma kigumu, laini, cha mviringo. Madukani huko nje kinauzwa chuma maalumu cha kazi hii, lakini sisi tunatumia shina la valvu ya injini tulilopewa na mafundi magari, na linafaa. Bisibisi ya bei rahisi haifai; ni laini kuliko kisu, itachubuka yenyewe.

Laza chuma hicho juu ya mshazari wenyewe na ukipitishe mara moja kwa nguvu ya wastani. Kila mara inayofuata kishushe kidogo kuelekea mlalo, mpaka mara ya mwisho kimebakiza digrii 15 tu kulala kabisa. Mara tatu au nne zinatosha. Nguvu ni ile unayotumia kupaka siagi iliyokaa kwenye friji. Ukikosea ukakunja mno huna haja ya kurudi kwenye tupa: pitisha ncha ya chuma chini ya ukucha, upande wa ndani, kama unayeunyoosha, kisha uukunje tena kwa upole. Unaweza kufanya hivyo mara kadhaa kabla ukucha haujachoka na kukatika. Ukifika hapo, ndipo unarudi kwenye tupa na jiwe.

Kukitega

Namba 80 inategwa ikiwa imesimama juu ya ubao ulionyooka. Legeza skrubu za kifungo kinachobana kisu, ingiza kisu kutoka chini, isimamishe zana ukiwa umeweka karatasi moja chini ya kitako upande wa mbele tu, uteremshe kisu mpaka kikae juu ya ubao, mshazari ukiangalia nyuma kwenye skrubu ya dole gumba na ukucha ukiangalia mbele. Kaza. Toa karatasi. Kisu sasa kimetokeza kiasi kisichoonekana, na kwa kawaida bado hakikati. Zungusha skrubu ya dole gumba robo mzunguko. Inakisukuma kisu katikati, kinapinda kama upinde, na sehemu ya katikati inashuka. Pembe zinabaki juu, hazichimbi. Ukizungusha zaidi, utepe wa maranda unakuwa mnene lakini mwembamba kwa upana. Mimi huacha pale zana inapotoa utepe wa upana wa vidole viwili, kisha napita juu ya ubao kwa mikato inayopishana, zana ikiwa imekaa mshazari kidogo dhidi ya mwendo wake. Hilo la mshazari linasaidia hasa pale ambapo mistari migumu na laini inafuatana, kwa sababu kisu hakikutani na mstari mzima kwa wakati mmoja.

Namba 112 ina ugumu wake. Haina skrubu ya kina. Kisu unakiweka kwa mkono, unakaza, na ukitaka kubadilisha kina unazungusha zile nati, ambazo zinabadilisha mwinamo na kina kwa pamoja. Vitu viwili kwenye skrubu moja. Anayezizungusha bila utaratibu hupotea: amepata kina kizuri lakini ukucha hauumi, au unauma lakini umezama. Utaratibu ninaoushauri ni kutafuta mwinamo kwanza kwa lile jaribio la mkononi, kuuweka kwenye kiti, kufunga nati, ndipo kukitia kisu na karatasi chini ya kitako. Baada ya hapo nati ni za kurekebisha unywele tu. Visu vya asili vya Namba 112 vilikuwa vyembamba na hutetema kwenye mbao ngumu. Watengenezaji wa leo kama Lie-Nielsen wanaweka kisu kinene, nao Veritas wameongeza skrubu ya kukipinda kisu. Kisu kinene hakitetemi, ila kukikunjia ukucha kunataka mkono wenye nguvu na subira. Kwa karakana yenye zana moja tu ya aina hii, mimi ningechagua Namba 80 bila kusita. Ni rahisi, inasamehe makosa, na haina mengi ya kuharibika.

Ukiikuta sokoni, angalia mahali pa mwili panapokutana na mbawa, na kuzunguka mdomo, ile nafasi kisu kinapotokea. Mwili ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, ukianguka sakafuni hupasuka, na ufa wa hapo hauungiki vizuri. Kutu ya juu si tatizo. Kisu kilichokwisha si tatizo pia: kata kingine kutoka bapa la msumeno mzuri wa zamani. Chuma chake kina ugumu unaofaa, kinakubali tupa na kinashika ukucha. Usikikate kwa grenda mpaka kikageuka bluu, maana pale kilipogeuka bluu kimelainika na ukucha hautakaa. Bapa la msumeno wa mashine ya kukatia chuma usilihangaikie, tupa itateleza juu yake.

Mbao zetu, moja moja

Mninga unaipenda zana hii kuliko mbao zote ninazozijua. Unatoka ukiwa na mng'ao wa ndani, na vinyweleo vyake vinabaki wazi, havikujazwa unga kama msasa unavyofanya. Ukipaka sandingsila, ile dawa ya kuziba mbao kabla ya vanishi, juu yake rangi inasimama. Mkangazi unafuata. Mvule ni mzuri ila una hila: ndani ya baadhi ya magogo hukaa mabonge ya chokaa, mafundi tunayaita mawe, na ukucha ukikutana nayo unakatika papo hapo. Ukiona alama nyeupe ngumu kwenye mvule, pita pembeni yake kwa bamba la zamani usilolionea huruma.

Mgrevilea, ule wa vivuli vya migomba na kahawa huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro, una magamba mapana yanayong'aa ambayo randa huyang'oa kama magamba ya samaki. Kwa ukucha mpya uliotoka kukunjwa yanakaa mahali pake. Kwa ukucha uliochoka yanainuka. Paini na sipresi za mashamba ya West Kilimanjaro usizijaribu. Zile sehemu laini za mwaka hubonyea chini ya kisu badala ya kukatwa, uso unabaki na manyoya, na utakuwa umepoteza muda. Huko tumia randa kali ya kawaida.

Msasa hautoki karakanani, sisemi hivyo. Baada ya kukwangua napita na msasa laini mara moja au mbili kwa mkono, nilainishe mistari ya mwisho. Tofauti iko kwenye ile saa nzima ya msasa wa kwanza na wa pili, ambayo haipo tena, pamoja na wingu lake. Vumbi la mninga na mvule huwasha ngozi na pua, na kwa wengine hukaba kifua. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Maranda ya kukwangua yanaanguka miguuni na kufagiliwa. Vijana wanaojifunza kwetu wana umri wa miaka kumi na minane, na mapafu yao nayahesabu kila ninapoamua kazi ifanyikeje.

Ile meza ya mkangazi iliondoka Desemba ile ikiwa imemalizwa kwa kioo na msasa. Mwaka uliofuata tuliletewa nyingine ya mbao ile ile, na safari hii nilimpa Meku ile Namba 80 ikiwa tayari imetegwa. Aliisukuma mara tatu, akasimama, akaokota utepe mmoja wa maranda akautazama kwenye mwanga wa mlango. "Kisu hiki nani amekitengeneza?" akauliza. Nikamwambia ni mimi, kwa msumeno wa zamani. Akakwangua uso wote wa meza, mistari yote, bila kugeuza upande hata mara moja. Alipofika kwenye nakshi iliyochongwa ukingoni, yenye mifereji ambayo kitako cha chuma hakiingii, aliiweka zana chini kwa uangalifu, ikalala ubavu ili ukucha usiguse benchi, akaenda kwenye ndoo ya vioo kuchagua kipande chenye mviringo unaofaa.